Akikwama ugenini, nani anamrudisha nyumbani?

*Vita vikilipuka, serikali hutuma ndege. Dada wa kazi akifungiwa pasipoti Muscat, ukoo wake Mabibo hupitisha daftari la michango. Sababu za tofauti hiyo zinajulikana, na nyingine zinarekebishika.*

Na Mwandishi Wetu

Simu ya dhiki kutoka Uarabuni mara nyingi huingia usiku. Muscat iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa moja tu, na dada wa kazi huko hupata nafasi ya kushika simu watoto wakishalala, vyombo vikishaoshwa na mlango wa jikoni ukishafungwa. Ujumbe huja kwa WhatsApp, wa sauti, umenong'onwa: mshahara haujatoka mwezi wa tatu sasa, pasipoti anayo bosi, mama nataka kurudi.

Upande wa pili ni chumba cha kupanga Mabibo, jirani na soko la ndizi ambalo wakazi huliita Mahakama ya Ndizi. Kesho yake mama hapangi biashara. Anakwenda kwa mjumbe, mjumbe anamwelekeza ofisi ya serikali ya mtaa akachukue barua, mtendaji anamwambia aanze polisi, polisi wanauliza binti alisafiri kwa wakala gani. Hapo visa vingi hukatikia njiani, kwa kuwa jibu huwa ni jina moja lisilo na ofisi wala stakabadhi: dalali fulani aliyekuja na namba ya Oman.

Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki ina makao yake makuu Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma, umbali wa takribani kilomita 450 kutoka Mabibo. Ubalozi uko mbali zaidi. Aliye karibu ni shangazi, jirani, mwenyekiti wa kikoba na padri au imamu, na hao ndio huanza kuchanga.

Swali analotembea nalo mama huyo kutoka dirisha moja hadi jingine ni moja: serikali ina wajibu gani kwa raia wake aliyepatwa na shida nje ya nchi? Jibu lake halikai mahali pamoja. Sehemu iko kwenye mkataba wa kimataifa, sehemu kwenye sheria za kazi, sehemu kwenye fungu la fedha la ubalozi, na sehemu kubwa kuliko zote iko kwenye mifuko ya ndugu.

Mkataba unachosema, na unachonyamazia

Msingi wa msaada huu ni Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963. Tanzania imo, na nchi za Ghuba ambako Watanzania wengi huenda kutafuta riziki zimo pia.

Ibara ya 5 inataja kuwasaidia raia kuwa moja ya kazi za konseli. Ibara ya 36 inampa aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake ujulishwe bila kuchelewa, na inampa ofisa wa ubalozi haki ya kumtembelea, kuzungumza naye na kumtafutia mtetezi. Ibara ya 37 inagusa vifo, watoto waliobaki bila mlezi na ajali za meli.

Haki ya ibara ya 36 ina meno, ingawa huchelewa kuuma. Mfano wake mkubwa barani Afrika ulianzia Kinshasa. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara raia wa Guinea aliyekuwa ameishi huko zaidi ya miaka 30, alikamatwa Novemba 1995, akawekwa kizuizini kwa zaidi ya miezi miwili na kufukuzwa nchini Januari 1996. Guinea ilifungua shauri dhidi ya Kongo katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 1998.

Hukumu ilitoka tarehe 30 Novemba 2010. Miongoni mwa makosa ambayo mahakama iliyaona ni kwamba Diallo hakuelezwa kuwa ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Juni 2012 Kongo iliamriwa kulipa fidia ya dola 95,000 za Marekani. Ilichukua zaidi ya miaka 13 tangu shauri lifunguliwe, na lilifika huko kwa sababu serikali ya Guinea iliamua kulibeba. Raia peke yake hana mlango katika mahakama hiyo.

> Hakuna ibara ya Mkataba wa Vienna inayoilazimisha serikali kumlipia raia wake tiketi, wakili au hospitali.

Hilo ndilo pengo. Mkataba unaifungulia serikali njia ya kumfikia mtu wake. Hauiamrishi kutoa fedha. Nayo sheria ya Tanzania ya mwaka 1986 kuhusu kinga na upendeleo wa kidiplomasia na kikonseli inahusu hadhi ya wanadiplomasia wenyewe. Haimwambii mama wa Mabibo anaweza kudai nini kwa ajili ya mwanawe, kwa nani, na ajibiwe ndani ya muda gani.

Ofisa wa konseli anaweza nini

Mambo ambayo ubalozi unaweza kuyafanya si madogo. Unaweza kutoa Hati ya Dharura ya Safari kwa aliyepoteza au kunyang'anywa pasipoti, ili imfikishe nyumbani kwa safari hiyo moja. Unaweza kumpigia mwajiri, kuandikia wizara ya kazi ya nchi mwenyeji, kumtembelea mgonjwa au mfungwa, kuitafuta familia, na kuthibitisha nyaraka za kusafirisha maiti.

Yasiyowezekana ni mengi vilevile, na familia nyingi huyajua zikiwa tayari zimeshapoteza wiki. Balozi hawezi kumtoa mtu jela wala kufuta deni lake. Hawezi kusimama mahakamani kama wakili. Hawezi kugonga nyumba ya mtu Muscat au Riyadh na kuingia kumchukua mfanyakazi. Kwa hilo lazima apitie polisi na sheria za huko.

Kuna jambo jingine ambalo walio nje husahau. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima. Mtanzania aliyechukua uraia wa Marekani au Uingereza amepoteza wa kwanza, na akipata shida katika nchi ya tatu, ubalozi wenye wajibu naye ni wa uraia wake mpya. Hadhi maalumu iliyotungiwa sheria mwaka 2024 kwa wenye asili ya Tanzania imewafungulia baadhi ya haki ndani ya nchi, lakini haiwarudishii uraia.

Vita huleta ndege

Dhiki inapowapata wengi kwa mara moja, serikali imeonyesha kwamba inaweza kuchukua hatua haraka.

Vita vilipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Watanzania waliokuwa Sudan walikuwa takribani 200, wengi wao wanafunzi. Walitolewa kwa mabasi kuelekea Ethiopia, kisha ndege ya Air Tanzania ikawafikisha Dar es Salaam mwishoni mwa mwezi huohuo. Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Dkt. Stergomena Tax, aliwapokea uwanjani. Tangu risasi ya kwanza hadi kutua, zilikuwa hazijapita wiki mbili.

Ukraine, Februari 2022, mambo yalikuwa magumu zaidi. Tanzania haikuwa na ubalozi Kyiv. Aliyeiwakilisha nchi alikuwa balozi aliyeko Stockholm, Sweden, ng'ambo ya Bahari ya Baltiki. Wanafunzi waliambiwa wajongee kwenye mipaka ya magharibi, na wengi walifika huko kwa treni na kwa miguu kwenye baridi ya Februari, wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine za Afrika.

Mwaka 2020 jijini Wuhan, China, serikali ilichagua njia ya tatu. Wanafunzi wa Kitanzania zaidi ya 400 walibaki walikokuwa wakati mji umefungwa kwa sababu ya Uviko-19, na ubalozi wa Beijing ukawa unawasiliana nao kwa simu na mitandao. Uamuzi ule ulipingwa na wazazi wengi. Uliungwa mkono na waliohofia ugonjwa kuingia nchini. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na nchi nyingine kadhaa za Afrika ziliamua hivyohivyo.

Kuna pia dhiki ya kufukuzwa kwa mkumbo. Aprili 2015, ghasia dhidi ya wageni zilipotokea Durban, Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Bernard Membe, alitangaza mpango wa kuwarudisha Watanzania waliokuwa wamekimbilia kambini. Mapema mwaka 2017 Msumbiji iliwaondoa wageni katika eneo la machimbo ya rubi la Montepuez, mkoani Cabo Delgado, na mamia ya Watanzania wakavuka kurudi upande wa Mtwara, wengi wakilalamika kwamba mali zao zilibaki huko au zilichukuliwa. Pale msaada wa kwanza haukutoka ubalozini. Ulitoka kwa uongozi wa mkoa, Uhamiaji na wanavijiji wa mpakani.

Visa hivi vina kitu kimoja kinachovifananisha: vilitangazwa redioni. Watu mia mbili kwenye mji unaowaka moto huulizwa bungeni. Mtu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa haulizwi na yeyote, isipokuwa mama yake.

Mtu mmoja ndani ya nyumba ya mtu

Kundi linalohitaji msaada wa kila siku ni la wafanyakazi wa ndani walioko Ghuba. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania nchini Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50 waliowahi kufanya kazi hizo. Walieleza pasipoti kushikiliwa na waajiri, mishahara kukatwa au kutolipwa, kufanya kazi hadi saa 21 kwa siku, kupigwa, na baadhi yao kudhalilishwa kijinsia.

Chanzo cha kukwama kwao ni mfumo wa kafala. Viza ya mfanyakazi imefungwa kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemwombea. Akitoka nyumbani bila ruhusa huandikwa mtoro, na mtoro anaweza kukamatwa, kutozwa faini na kufukuzwa. Kwa hiyo anayekimbia kipigo hufika ubalozini akiwa tayari mkosaji machoni pa sheria ya huko.

Kuna nchi zilizopiga hatua. Falme za Kiarabu zilitunga sheria ya wafanyakazi wa ndani mwaka 2017 na kuiandika upya mwaka 2022. Lakini sheria ya siku ya mapumziko haimsaidii mtu asiyeruhusiwa kutoka getini, na madai ya mshahara huhitaji mdai awepo nchini wakati shauri linasikilizwa. Miezi hiyo analala wapi? Anakula nini? Nani anamlipia simu?

> Anayekimbia kipigo hufika ubalozini akiwa tayari mkosaji machoni pa sheria ya huko.

Ripoti ile ya Human Rights Watch ilibeba jambo jingine linaloumiza. Wapo wanawake waliosema kwamba walipotafuta msaada, waliishia kusamehe mishahara yao ili waachiwe pasipoti, kisha wakakaa miezi wakitafuta nauli ya kurudi. Mtu amefanya kazi, hakulipwa, na bado anatakiwa kununua uhuru wake kwa fedha asizonazo. Hapo ndipo daftari la michango huanza kuzunguka Mabibo.

Michango hii ina utaratibu wake. Kundi la WhatsApp hufunguliwa, mhazini huchaguliwa, namba ya M-Pesa au Mixx hutangazwa, na kila jioni orodha hubandikwa: fulani elfu kumi, fulani elfu tano, fulani ameahidi. Wanaochanga ni mafundi cherehani wa viwanda vya eneo la EPZ lililopo Mabibo External, wauza ndizi, bodaboda, na wapangaji wenzake wa zamani. Ukarimu huo unastahili heshima zote. Lakini una upungufu mmoja mkubwa: binti asiye na ukoo mpana mjini hana kundi la kufungua. Huyo hukaa zaidi, na anayekaa zaidi ndiye anayeumia zaidi.

Kwa jirani hali inafanana. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilikiri kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia ndani ya takribani miaka miwili, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa ndani. Taarifa hizo zilizusha mjadala mkali Nairobi kuhusu kusitisha safari za namna hiyo.

Kusitisha ndilo jambo la kwanza linalokuja akilini, na ndilo lenye hatari iliyojificha. Mlango wa mbele ukifungwa, dalali hupitisha watu mpakani kwa basi hadi Nairobi, na kutoka huko wanapaa kama watalii. Aliyepita njia hiyo hana mkataba uliothibitishwa, hana wakala anayejulikana, na jina lake halimo katika kitabu chochote cha ubalozi. Akipotea, hakuna anayejua aanze kumtafutia wapi.

Ofisi mbili, ubalozi mmoja

Ugumu mwingine umo ndani ya muundo wa nchi yenyewe. Mambo ya nje, uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Kazi na ajira si jambo la Muungano.

Maana yake ni kwamba msichana wa Mabibo na msichana wa Chake Chake wanaokwenda nyumba mbili za mtaa mmoja wa Muscat hupitia taratibu mbili tofauti. Upande wa Bara, usimamizi wa mawakala unatokana na Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na chombo cha serikali kwa miaka mingi kilikuwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA. Zanzibar ina wizara yake ya kazi na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Wakipata shida, wote wawili wanarudi kwenye ubalozi mmoja ambao haukuhusika na ruhusa ya yeyote kati yao.

Zanzibar ina faida moja ya kihistoria. Familia nyingi za Oman zina ndugu Unguja na Pemba, na Kiswahili kinazungumzwa Muscat majumbani na madukani. Mzanzibari aliyekwama mara nyingi ana mjomba wa kumpigia. Wa Mabibo, ambaye wazazi wake walitoka Dodoma au Morogoro, hana.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 ina mfuko wa kuwasaidia wahanga. Ila ili mtu anufaike lazima kwanza atambuliwe kuwa mhanga wa usafirishaji haramu. Aliyeondoka kwa hiari yake, kwa mkataba halali, akafika na kunyimwa mshahara, kisheria ni mdai wa mshahara tu. Dhiki ni ileile. Mlango ni mwingine.

Kwa walio Dar es Salaam, zipo sauti zinazoweza kusaidia kabla ya safari. Chama cha CHODAWU huwaandikisha wafanyakazi wa majumbani na kutetea mikataba yao. TGNP, mtandao wa jinsia wenye makao yake palepale Mabibo, umekuwa kwa miaka mingi ukiendesha semina za wazi za kila Jumatano ambako wanawake wa mitaani hujadili kazi, haki na bajeti. Elimu ya safari ikifika kwenye vikao vya aina hiyo, inamfikia msichana kabla dalali hajamfikia.

Waliozamia, waliofungwa, waliofariki

Wapo ambao huruma ya umma huwapita haraka. Wa kwanza ni wazamiaji: vijana wa Temeke, Kinondoni na mitaa mingine ya jiji waliodandia meli bandarini kwa siri au kuteremka Kusini kwa malori. Mwandishi wa Afrika Kusini, Sean Christie, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2016, kuhusu vijana wa Kitanzania wanaoishi chini ya madaraja ya Barabara ya Nelson Mandela mjini Cape Town. Mabibo nayo imepakana na Barabara ya Nelson Mandela. Kutoka Cape Town hadi ubalozi wa Tanzania Pretoria ni zaidi ya kilomita 1,400, na kijana asiye na hati yoyote hana namna ya kuzisafiri bila kukamatwa.

Wa pili ni wafungwa. Watanzania waliokamatwa kwa kumeza kete au kubeba unga wamejaza kurasa za mahakama za China, Hong Kong na kwingineko. Padri John Wotherspoon, mtumishi wa magereza ya Hong Kong, alianza miaka ya 2010 kuzichapisha barua za wafungwa hao zinazowaonya vijana wa nyumbani, na alifika Tanzania kuwatembelea ndugu zao. Kazi ya kuunganisha mfungwa na familia, ambayo kwa mkataba ni ya konseli, ilifanywa kwa sehemu kubwa na padri mgeni mwenye bahasha za barua.

Tanzania ina sheria ya kubadilishana wafungwa tangu mwaka 2004. Ili ifanye kazi, lazima nchi ya pili nayo ikubali. Mfungwa anayerudi hubeba kifungo chake pamoja naye. Anachokipata ni kusikia lugha yake na kutembelewa na mama yake.

Kisha kuna vifo. Januari 2023 serikali ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa huko, akachukuliwa gerezani na kundi la Wagner na kuuawa vitani Ukraine. Mwili wake uliletwa Dar es Salaam. Oktoba 2023, vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa kwenye mafunzo ya kilimo Israel waliuawa katika mashambulizi ya Hamas. Mwili wa mmoja ulirudi mwezi uliofuata. Familia ya mwingine ilisubiri hadi Novemba 2025.

Katika misiba ya namna hii serikali husimama mbele, na ni haki. Lakini anayefariki kwa shinikizo la damu katika chumba cha wafanyakazi Doha hana habari gazetini. Mwili wake unahitaji cheti cha kifo, kibali cha polisi, dawa ya kuuhifadhi, sanduku linalokubaliwa na shirika la ndege, na barua ya ubalozi. Kila karatasi ina ada yake. Familia za Kiislamu mara nyingi huridhia azikwe hukohuko, haraka kama dini inavyoelekeza. Familia nyingine hurudi kwenye daftari la michango.

Nani alipe

Upande wa serikali una hoja zake, na si za kubeza. Fungu la ubalozi ni fedha ya walipa kodi, wakiwemo wauza ndizi wa Mabibo ambao hawajawahi kupanda ndege. Mtu aliyekwepa utaratibu kwa makusudi anawapa wengine mfano mbaya akirudishwa bure. Na balozi akizoea kulipa, mwajiri na wakala wataacha kulipa.

Mawakala walioandikishwa wanadai kuwa wao ndio wanaobeba lawama za madalali wasio na leseni. Wanataka milango ya kazi ifunguliwe zaidi, si kufungwa. Familia na watetezi wa wafanyakazi wanajibu kwamba fedha wanazotuma nyumbani watu hawa zinakaribishwa na kila mtu, kwa hiyo shida zao haziwezi kuwa za kwao peke yao.

Nchi nyingine zilishatoka katika mabishano haya. Marekani humpa raia aliyeishiwa mkopo wa nauli, na pasipoti yake huwekewa mipaka hadi alipe. Njia hiyo inafaa kwa mtalii aliyeibiwa mkoba. Kwa dada wa kazi aliyedhulumiwa mshahara ni deni juu ya dhuluma.

India ilianzisha mwaka 2009 mfuko wa ustawi wa raia wake walio nje, unaotunishwa na tozo ndogo inayoongezwa kwenye huduma za kikonseli. Anayethibitisha mwaliko au kuchukua pasipoti mpya Dubai anachangia, bila kuhisi, nauli ya mwenzake aliyekwama.

Ufilipino ilifika huko kwa uchungu. Machi 1995 Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani wa Kifilipino, alinyongwa Singapore, na hasira ya wananchi wake ilitikisa serikali. Ndani ya miezi mitatu sheria mpya ya wafanyakazi walioko nje ilipitishwa, ikiwa na fungu la dharura la kuwarudisha nyumbani. Mfuko wao wa ustawi hupokea dola 25 kwa kila mkataba wa kazi, na sheria imemtupia wakala mzigo wa kwanza wa gharama za kumrudisha aliyempeleka.

> Dola 25 kwa viwango vya miaka ya karibuni ni takribani Sh65,000, chini ya nusu ya ada ya pasipoti ya Tanzania.

Hesabu hiyo inaweza kuletwa Dar es Salaam. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, hulipiwa Sh150,000. Dola 25 hazifikii hata nusu yake. Mwajiri wa Muscat anayelipa tiketi, viza na ada ya wakala hawezi kushindwa kuongeza kiasi hicho kabla mkataba haujagongwa muhuri. Mfuko wa aina hiyo unaijibu hoja ya mlipa kodi, kwa kuwa fedha si yake. Unaijibu pia hoja ya utaratibu, kwa kuwa aliyepita njia halali ndiye mwenye jina kwenye daftari.

Anayebaki nje ni aliyepitishwa na dalali. Huyo ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kukwama, na mfuko usiomgusa utakuwa umewaacha wanaouhitaji kuliko wote. Ufilipino iliamua kwamba raia aliye hatarini arudishwe kwanza, na gharama zitafutwe baadaye kwa wakala au mwajiri. Utaratibu huo unataka sheria iseme waziwazi nani anadaiwa, na unataka dalali ajulikane kwa jina kamili, namba ya NIDA na mahali anapoishi. Taarifa hizo haziko ubalozini. Ziko mtaani, kwa mjumbe na mtendaji wanaomwona akiingia na kutoka kwenye nyumba za wasichana.

Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001, toleo la 2024, iliyozinduliwa Mei 2025, imewapa Watanzania walioko nje nafasi kubwa kuliko ile ya mwanzo. Sera huonyesha nia, haifungui akaunti. Ili ofisa wa Muscat awe na fedha ya kununua tiketi siku ileile msichana anapofika mlangoni na kifurushi chake, Bunge litalazimika kutunga kifungu, wizara za kazi za pande mbili za Muungano zikubaliane kuhusu daftari moja la wasafiri, na Hazina ikubali fedha hizo zikae mahali ambapo hazitakopwa kwa matumizi mengine.